Chumba cha Bi Esha na Dau la Watoto wa Kililana

Mgeni wetu wa heshima, Bwana Mkubwa uliyetoka Mombasa kutazama mambo ya shule, Bwana Liwali, mashekhe wetu, mabwana mlioketi hapa barazani na mabibi mnaosikiliza nyuma ya pazia: assalamu alaikum.

Mimi ninayesoma ni Aqil bin Jamaludin, fundi seremala wa hapa Lamu, na wanangu wawili wanasoma katika nyumba hii. Maneno ninayoyasoma ni ya wazazi wote, wa Lamu na wa Kililana. Tuliyakubali pamoja baada ya Ijumaa, na hakuna aliyetaka kuondoka kwanza.

Karibu

Karibu, Bwana. Tumefurahi kuwa umejifunza lugha yetu, kwa kuwa mambo tuliyo nayo hayapendi kupita kinywani mwa mkalimani. Ulipopanda ngazi za pwani uliona watoto wamepanga mstari wakiwa na kanzu safi. Baadhi yao walivuka maji asubuhi ya leo, na kanzu hizo walizibeba kichwani ndani ya vikapu ili zisirowe.

Tulivyoanza

Shule hii haikuanzishwa na mtu mkubwa. Mwalimu Muhdhar alikuwa akisomesha watoto wa mtaa kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni, cha nyumba ya Bi Esha binti Badawi. Bi Esha ni mjane, na wanawe wamehamia Zanzibar. Alipenda kusikia sauti za watoto mlangoni pake. Daka lilipojaa, aliwaingiza katika msana, ukumbi wa mbele, na Mwalimu, aliyekuwa akisomesha Kurani, akaongeza hesabu na kuandika.

Ng'ambo ya mlango wa bahari, watu wa Kililana walisikia. Wao ni wakulima, na kwao hapakuwa na mwalimu. Wakamwendea Madi, mwenye dau la kuleta kuni na mboga sokoni, wakamwomba awachukue watoto wao. Madi akawakubalia. Tangu hapo wanavuka wakiwa wameketi juu ya kuni. Kuni zikichelewa, nao huchelewa. Maji yakitoka, hushuka wakatembea kwenye matope yanayowafika magotini.

Siku ya masika

Bwana, ruhusu tukueleze siku moja, kwa sababu haja zetu zote zimetokana nayo.

Ilikuwa masika ya mwaka jana. Dau lilipofika katikati ya mlango, mvua ikashuka na mawimbi yakainuka, maji yakaanza kuingia. Madi hakungoja. Alizitupa kuni zote baharini, mzigo mzima, akawalaza watoto chini na kuwapa vifuu wayachote maji. Waliimba kalima huku wakichota. Walifika Lamu wazima, lakini midomo imewageuka rangi.

Bi Esha alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Ndoni, wanangu, ndoni ndani." Akafungua kasha lake akatoa leso zake zote, za harusini na za kila siku, akawafunika mmoja mmoja. Kisha akamwambia Madi, "Hawa hawarudi leo. Ndia ya mai si salama."

Mdogo kuliko wote alikuwa Hadia. Usiku ule homa ikampanda. Bi Esha akambeba mpaka chumba chake cha ndani kabisa, akamlaza kwenye samadari, kitanda chake mwenyewe. Wenyeji wanajua chumba hicho ni nini. Ndimo alimojifungulia wanawe wote, na ndimo alimomuaga marehemu mumewe.

Bahari ilipotulia, mama yake Hadia, Mwana binti Barka, alivuka. Haya ni maneno yao kama Mwana alivyotusimulia.

"Bi, nimekuja kumtwaa mwanangu."

"Utamtwaa akiweza kusimama. Kwa sasa laleni nyote wawili hapa."

"Na wewe Bi, utalala wapi?"

"Nyumba ni yangu, mwanangu. Sikosi pa kulala."

Hadia alipona, alhamdulillahi. Habari ikaenea Kililana kwamba Lamu kuna nyumba ambayo bahari ikichafuka mtoto hulazwa na kulishwa. Waliokuwa wakiogopa kuwaleta watoto, wakawaleta. Msana ukajaa. Ndipo Bi Esha akatuita sisi akina baba, akatuamuru tuitoe samadari chumbani, ili watoto wadogo wapate pa kusomea. Mimi mwenyewe ndiye niliyeifungua vipande. Nilimuuliza tuiweke wapi. Akasema kiwandani, akimaanisha ua wa nyumba, ambao uko wazi juu. "Kwa siku mbili tatu," alisema.

Bado iko kiwandani hadi leo.

Tuliyoyapata

Tunayo mengi ya kushukuru. Watoto watatu wamekhitimu Kurani. Wakubwa huwasaidia baba zao sokoni kupiga hesabu ya nazi na ufuta. Hadia amefika Yasin, na kila alasiri humsomea Bi Esha, ambaye macho yake hayaoni tena herufi. Akikosea, Bi Esha humgusa mkono tu, naye hurudia. Watoto wa mjini na wa Kililana, ambao zamani hawakujuana, sasa hawakubali kutenganishwa hata wakati wa kula.

Tunaishukuru serikali pia. Mwaka jana walikuja mabwana wa kupima, wakapima kiwanja kitupu kilicho nyuma ya nyumba hii, wakachomeka vigingi vinne na kusema ramani ya vyumba viwili itachorwa. Vigingi tumevitunza. Kimoja kiling'olewa na mbuzi, tukakirudisha palepale.

Yanayotulemea

Dau la Madi limezeeka, na Madi naye amezeeka. Msimu wa mawimbi watoto wa Kililana hukaa kwao wiki nzima, wakirudi wamesahau. Chumbani wadogo wanakaa goti kwa goti, na anayetaka kuandika humwomba mwenzake ajisogeze.

Lakini lililo zito ni hili. Tangu masika ya mwaka huu, Bi Esha ana kifua. Wazazi wa Kililana walileta boriti na makuti, wakaiezekea samadari yake kibanda pale kiwandani. Walifanya kazi hiyo mchana kutwa, wala hawakukubali hata kahawa. Mvua haimfiki tena, ila baridi inamfika. Akikohoa, watoto hupunguza sauti wenyewe bila kuambiwa. Mwalimu Muhdhar alitaka kufunga darasa la ndani ili Bi Esha arudi chumbani mwake. Alimjibu, "Mwalimu, nikiwasikia wana husoma, kifua hunipoa. Ukiwaondoa, utanimaliza."

Tunayoyaomba

Tunaomba, Bwana, ramani ile itoke kwenye karatasi na vyumba viwili vijengwe palipo na vigingi. Mawe na chokaa tutavibeba sisi, na milango nitaichonga mimi bila ujira. Tunaomba pia dau la watoto peke yao, lenye kifuniko, lisilongoja kuni wala soko, na nahodha wa kumsaidia Madi.

Na kama mpango wa serikali kwa mwaka huu unaweza kubeba jambo moja tu, tumelizungumza. Tulidhani wazazi wa Kililana wataomba dau, maana ni watoto wao wanaopita majini, na tulikuwa tayari kuwaunga mkono. Mwana binti Barka alisema nyuma ya pazia, na wenzake wote wakamwitikia: "Chumba kwanza. Sisi tutazidi kuwavusha wana wetu kwa mikono yetu, na Mola atawahifadhi. Bi Esha arudi ndani mwake angali hai."

Basi hilo ndilo ombi letu sote.

Bwana, baada ya kahawa tunakuomba uingie ukamsalimie. Atakuitikia kutoka nyuma ya pazia. Alitukataza kabisa tusimtaje katika risala hii, akatuambia tuombe dau la watoto na tunyamaze. Tumemvunjia amri kwa mara ya kwanza. Ukimuuliza hali, atakwambia ni mzima na hana haja ya kitu chochote. Kwa heshima zote, tunakuomba usimsadiki.

Mola akupe safari njema ya kurudi, akulinde wewe na uliowaacha nyumbani, azijaze busara kazi za mikono yako, na awajaalie watoto hawa elimu yenye manufaa. Amin.

Ni sisi,
Wazazi wa wanafunzi wa nyumba ya Bi Esha binti Badawi,
Lamu na Kililana, mwaka 1913.