Bi Kamilisha wa Masjala ya Wodi ya Wanawake

Tunamsindikiza leo mke, mama, dada na shangazi ambaye hospitali nzima ilimwita Bi Kamilisha. Alizaliwa tarehe 9 Mei 1961, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkewe. Inasemekana alilia mpaka jirani akagonga ukuta. Sauti hiyo hakuipunguza hadi uzeeni.

Alianza shule mwaka 1968, akamaliza sekondari 1979. Mwaka 1982 alipata stashahada ya kumbukumbu za afya, tena kwa muda uliopangwa, jambo ambalo baadhi ya watoto wa kaka yake bado wanalitafakari.

Julai mwaka huohuo aliajiriwa masjala ya hospitali, chumba chenye dirisha moja na feni iliyozunguka ikijisikia. Kazi yake ilikuwa kusoma mafaili ya wodi ya wanawake na kuupa kila ugonjwa namba yake. Akikuta faili limeandikwa "mjamzito, anatokwa damu", basi, nukta, alilibeba kwapani hadi mlangoni kwa daktari.

"Samahani daktari. Damu ya nini? Mimba ipo, imeharibika, au imetunga nje ya mfuko wa uzazi?"

"Bibie, huoni foleni?"

"Naiona. Huyu mama naye atarudi siku moja. Atakayempokea apige ramli? Kamilisha, baba, nikuache."

Daktari aliguna, akaandika.

Tarehe 14 Desemba 1985 aliolewa na fundi umeme wa hospitali hiyohiyo, aliyekuja kutengeneza ile feni mara nne ingawa iliharibika mara moja.

Agosti 1987 mimba yao ya kwanza, ya wiki saba, ilitunga kwenye mrija wa uzazi. Alipasuliwa, mrija wa kushoto ukatolewa. Mwenzake wa masjala, kwa kumwonea huruma na kumkinga na umbea, akajaza muhtasari wa faili lake: "maumivu ya tumbo". Aliporudi kazini alilitua faili hilo mezani kwa mwenzake, pu!

"Mwenzangu, huruma niletee nyumbani, pamoja na sukari. Humu niandike nilivyo."

Likaandikwa upya. Mwaka 1990, akiwa mjamzito tena, tumbo lilimkata. Daktari mgeni alisoma muhtasari ule, hakungoja, akampima palepale. Mimba ilikuwa mahali pake. Binti yao alizaliwa tarehe 3 Februari 1991, naye akalia kwa sauti ya ukoo.

Kuanzia Machi mwaka jana afya yake ilidhoofika. Alituaga Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, mkono wake ukiwa ndani ya mikono ya mumewe. Tulipokaa kuandika wasifu huu, kaka yake alitaka tuseme "aliugua kwa muda mfupi".

"Muda mfupi ndio ugonjwa gani, mjomba?" binti yake akauliza.

Tukamgeukia mumewe. Miaka yote hiyo, akiulizwa kuhusu ile mimba ya kwanza, alikuwa akiinuka kwenda kukagua swichi. Safari hii hakuinuka.

"Shemeji, andika saratani ya shingo ya kizazi," alisema. "Na yule wetu wa kwanza mwandike. Alikuwa wangu pia."

Marehemu ameacha mume, binti, wajukuu wawili, kaka mmoja, na watoto wa kaka wasiopungukiwa maneno isipokuwa leo. Alitanguliwa na mtoto wake wa kwanza.

Wapumzike kwa amani, wote wawili.