Geti la Mzee Amoni Kibona

Wachungaji, majirani wa Sogea, ndugu mliovuka mpaka kutoka Nakonde, Zambia, poleni kwa msiba. Mimi ni Gwantwa, mtoto wa kwanza wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, nami nitayasoma kama yalivyokuwa, hata pale ambapo wajomba walinishauri nipunguze.

Mzee Amoni Kibona alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 kijijini Ikinga, wilaya ya Ileje, akasoma shule ya msingi huko huko hadi darasa la saba mwaka 1973, akawa utingo, kisha dereva, na tarehe 8 Septemba 1984 akafunga ndoa na mama yetu Marita katika kanisa la Moravian, Mbozi Mission, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Felix na Dina.

Mwaka 2004 alianzisha kampuni ya malori ya mizigo ya Zambia na Kongo, na wengi mnaikumbuka desturi yake, kwamba kila dereva aliyerudi alipiga honi mbili ndefu na moja fupi akikaribia nyumbani, na baba, hata akiwa na tonge mkononi, aliinuka kumfungulia geti mwenyewe, na komeo halikuwekwa mpaka lori la mwisho liingie. Tarehe 11 Juni 2019 dereva wetu Yesaya Siame aliondoka kwenda Lubumbashi, hakurudi, lori nalo halikuonekana, baba akamtafuta mpaka akaishiwa nguvu, na toka hapo geti letu halikuwekewa komeo.

Biashara ikayumba, na mwaka 2023, madereva wakiwa hawana mishahara, baba alikubali kumtafuta wakili. Akaja Wakili Violet Nzunda kutoka Vwawa, akamweleza bila kumzungusha kwamba kampuni haiponi tena, ila ikifilisiwa kwa utaratibu wa mahakama wafanyakazi watatangulia kulipwa, naye Felista, mke wa Yesaya, atapata stahiki za mumewe, lakini lazima baba aape kwamba lori lile limepotea na dereva wake hatarajiwi kurudi. Baba alikataa, akasema huko ni kumfungia mtu nje. Jioni hiyo hiyo, tukiwa bado sebuleni, honi ililia barabarani, mbili ndefu na moja fupi, wakili akaomba radhi, akatoka kusogeza gari lake ili lori lipite, akarudi akituuliza lori liko wapi, kwa sababu barabara ilikuwa tupu. Sisi tulikuwa tumeizoea honi hiyo tangu Yesaya apotee, ingawa tuliiogopa kila ilipolia.

Aliyemshinda baba ni Felista, alipokuja kumwomba aape kwa sababu watoto wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Tarehe 12 Februari 2024 baba aliapa huko Vwawa, akarudi, akaweka komeo kwa mkono wake, akalia mbele yetu sote. Kampuni ikafilisiwa, madereva wakalipwa, Felista akalipwa, na honi haikulia tena. Sisi tulishukuru, lakini baba aliweka kiti chake kutazama geti, akatuambia kwamba aliyefungiwa hapigi honi, anasimama tu, na kweli mbwa wetu hakulala tena upande ule.

Julai mwaka huu wa 2025 baba aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, akalazwa Vwawa, na kila siku alituomba geti liachwe wazi, mama akakataa kwa hofu, hadi Ijumaa tarehe 5 Septemba, saa kumi alasiri, alipofariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kukesha nasi, madereva wa zamani waliochimba kaburi bila kuombwa, na Felista, ambaye hajamwacha mama peke yake hata kidogo. Kwa namna ya pekee tunamshukuru Wakili Violet, ambaye jana, Felix alipotoa komeo, alisogeza gari lake mara mbili, mara ya kwanza kupisha gari lililomleta baba, na mara ya pili, baada ya baba kuingia, mlisikia wenyewe kwa nini.

Baba, geti liko wazi. Pumzika kwa amani, na yule uliyemsubiri naye apumzike.