Sinia la Mama Saliha

Wasikilizaji wapendwa, leo tunaongea kwa sauti ya chini. Mama Saliha ametutoka. Amefariki Ijumaa, nyumbani kwake Buyenzi, baada ya kuugua muda mrefu. Ndiye yule Mama Saliha, mratibu wa serikali wa mambo ya watoto.

Mratibu kazi yake nini? Ni kuwakutanisha polisi, afya, shule na ustawi wa jamii, mtoto asipotelee katikati yao. Na walikuwa wanapotea, wasikilizaji. Mipango ilikuwepo, tena mizuri, kwenye makaratasi.

Siku moja msichana mdogo, Joëlla, aliokotwa peke yake sokoni Mutakura. Polisi wakasema apelekwe ustawi wa jamii. Ustawi wa jamii wakasema aanzie afya. Afya wakasema haumwi, arudi polisi. Jioni Joëlla alikuwa kituoni kwa polisi, kwenye benchi lile lile la asubuhi. Saliha alipomkuta pale alilia kwa hasira. Akamchukua kwake.

Kesho yake aliwaita wakubwa wote wa idara hizo nyumbani, si ofisini. Alipika pilau, akaipakua kwenye sinia moja, Buyenzi ndivyo tunavyokula. Wageni wakakaa mkekani, wakangoja maji. Maji hayakuja.

"Apana," alisema Saliha. "Hakuna kunawa mikono mpaka tujue uyu mutoto atakaa kwa nani."

"Mama Saliha, njaa inaniuma," akalalamika Valéry wa polisi.

"Vumilia, Valéry. Yeye jana alivumilia siku muzima."

Pilau ikapoa. Lakini kabla haijaliwa, kila mmoja alishajua kazi yake. Valéry ndiye aliyempata shangazi wa mtoto, kule Kinama. Joëlla akapata nyumba, akapata shule. Tangu hapo vikao vyao vikawa kwenye sinia.

Mumewe, mzee Shakuru, anakumbuka: "Nilimuambia, kazi uiache ku biro, uko ofisini. Akanijibu, biro ikifungwa, mutoto aende wapi?"

Jana ilikuwa hitima yake. Wenzake walizunguka sinia, Valéry akiwa na mvi sasa. Joëlla, leo msichana wa chuo, ndiye aliyeleta birika la maji ya kunawa. Akasimama nalo. Hakumimina.

"Leo kuna mutoto gani hana pa kulala?"

Kisha Valéry akainamisha kichwa. "Yuko mumoja. Nilimuacha ku benchi." Akainuka, akaenda kumleta. Wote walimngoja, na pilau ikapoa.

Pole sana mzee Shakuru, pole watoto, pole Buyenzi nzima. Mwenyezi Mungu amrehemu mama yetu. Nawe msikilizaji, kabla hujanawa mikono jioni hii, chungulia kwanza nje ya mlango wako.