Farasi Asiye na Kasoro

Viti vitupu vilikuwa tele ndani ya basi, lakini fundi saa mstaafu alikwenda kujibana kando ya muuguzi aliyekuwa akisinzia, akaanza kumsimulia habari za farasi wa kupanda wanaouzwa, anaokwenda kuwatazama kila Jumamosi.

"Wa kwanza mkorofi. Wa pili anachechemea. Wa leo, kwato zimepasuka!"

"Na wauzaji hawakuchoki, baba?"

"Wanichoke? Wananipa chai, tunapiga soga mpaka jua linazama."

Muuguzi akachangamka. "Basi mjomba wangu anauza farasi jike, mpole, hana kasoro hata moja. Nimpigie simu sasa hivi?"

Basi likasimama kwenye kituo cha mzee.

"Usimpigie," alisema akiinuka. "Nikishanunua, mwanangu, Jumamosi nitakwenda kwa nani?"