Mama Robinah na Wajawazito wa Nyumba ya Wazee

Jambo hili sijamwambia mtu, hata mama yangu: Jumanne iliyopita nilipiga simu kliniki nikasema nina uchungu wa kuzaa. Sina mimba. Nilikuwa nafanya kama alivyonifundisha Mama Robinah Mirembe, anayestaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, baada ya kuwatunza wazee wetu hapa mtaa wa Juba Na Bari kwa miaka kumi na minne.

Mama Robinah alitoka Uganda kuuza mashuka katika soko la Custom. Siku moja alileta mzigo hapa, akakuta mzee hajalishwa, akaketi kumlisha. Hakurudi tena kwenye biashara. Posho yake, yaani ugali, ni laini, hata wasio na meno huimaliza. Akiwaogesha wazee huwaimbia Kiganda, nao humwitikia kwa Kibari.

Nilipoanza kufua hapa, baada ya kumaliza shule, nilimshuku. Mbona alijificha nyuma ya tangi la maji na simu, akizungumzia wajawazito, katika nyumba ambayo mdogo wa wote ana miaka sabini? Nilidhani anauza dawa zetu.

Halafu kifua cha bibi yetu mmoja, Haboba Nyamal, kikabana. Matroni wetu, Madamu Ayak, aliita gari la wagonjwa, akataja umri wa bibi, akaambiwa gari liko njiani. Chakula cha mchana kikaliwa, vyombo vikaoshwa, gari hakuna. Deng, mlinzi wetu, alipanda juu ya tangi akaliona: limeegeshwa palepale kliniki, na miguu ya dereva Fortunato imetokeza dirishani. Hapo Mama Robinah akapiga simu yake. Gari likaja mbio.

"Mjamzito yuko wapi?" Fortunato akauliza.

"Ndiye huyu. Amezaa watoto saba. Wewe beba tu."

Haboba alirudi wiki iliyofuata, akimuuliza kila mtu mtoto wake yuko wapi. Nami nikafundishwa: gari hukimbilia wajawazito, si wazee, basi sema una uchungu, usitaje umri, lia kidogo, kata simu.

Jumanne Mzee Mogga alianguka, na Mama Robinah alikuwa sokoni. Nikapiga mwenyewe. Fortunato alifunua shuka, akatazama zile ndevu, kisha akanitazama mimi.

"Na huyu amezaa wangapi, binti?"

Nilimfungulia mlango wa gari. Alimbeba, na Mzee Mogga anaendelea vizuri. Lakini Fortunato aliniuliza jina langu, na jana aliomba aalikwe kwenye sherehe ya kumuaga Mama Robinah. Sijui anataka keki au ushahidi.

Mama Robinah, asante kwa kila pumzi uliyoipigania. Nenda kwa wajukuu zako, ulale mchana bila kuitwa na mtu, na afya iwe nawe.

Wafanyakazi wenzangu, karatasi hii ni yetu peke yetu. Fortunato akiingia, ikalieni. Kliniki wakijua, mzee atakayefuata ataambiwa gari liko njiani.