Sauti ya Kwanza ya "Taa ya Barazani"

Usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, katika nyumba yetu ya Mtaa wa Hobart, Detroit, ilisikika sauti moja tu, sindano ya gramafoni ikikwaruza mwisho wa santuri, na mama yangu Renata alipoingia chumbani kuinyanyua alimkuta bibi yangu, Odessa Mae Gaither, amekwisha kutuacha, vidole vyake vikiwa bado juu ya blanketi kama vya mtu anayefuatisha mapigo.

Mimi ni mjukuu wake, Desmond, na familia imenituma niwasomee maisha yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1943, Eufaula, Alabama, mtoto wa pili wa Amos na Callie Pettway, na mwaka 1951, baba yake alipopata kazi katika kiwanda cha magari, familia ikapanda treni kuja huku na kuku wa kukaanga ndani ya boksi la viatu. Alisoma katika shule za mtaa huu, akamaliza sekondari Juni 1961, lakini alichokipenda kuliko masomo ni kuimba kwenye ngazi za nyuma za kanisa hili hili, ambazo zinarudisha sauti vizuri, pamoja na wenzake wawili, Lorraine Tibbs na Mama Verlene Stokes, na hao watatu ndio waliojiita Hobartettes.

Oktoba 1962, katika studio ndogo ambayo leo ni duka la matairi, walirekodi "Taa ya Barazani". Wengi mliomo humu mlishikana mikono kwa mara ya kwanza wimbo huo ukipigwa, wengine ulipigwa kwenye harusi zenu, na sauti ile inayopanda peke yake pale ngoma zinaponyamaza, ambayo mpaka leo mnafumba macho mkiisikiliza, ilikuwa ya bibi yangu: hiyo ndiyo sauti ya kwanza, na Lorraine aliimba ya pili. Mwenye kampuni ya santuri aliwatazama wasichana watatu, akasema, "Sauti nachukua ya huyu mweusi, sura ya yule mweupe, nani atajua?" Basi jina na picha ya Lorraine vikawekwa kwenye jalada, na jukwaani Lorraine alichezesha midomo mbele ya watu huku Odessa akiimba nyuma ya pazia, kando ya mpiga ngoma. Lorraine alilia usiku wa kwanza, akamwambia, "Dess, vumilia, santuri ya pili nitamlazimisha aandike jina lako." Santuri ya pili haikutoka.

Mwaka 1964 marehemu aliajiriwa katika jiko la shule ya msingi, akawapikia watoto wa mji huu mpaka alipostaafu mwaka 2005, na Jumamosi, tarehe 13 Agosti 1966, alifunga ndoa na Clyde Gaither, dereva wa basi, wakajaliwa watoto wawili, Clyde Mdogo na Renata, kabla ya mumewe kufariki mwaka 1998.

Kila Jumapili baada ya ibada, akichambua mboga za majani jikoni, alifungulia redio kile kipindi cha nyimbo za zamani, na watu wakipiga simu kukumbushana.

"Ah, Lorraine Tibbs!" alisema mzee mmoja Jumapili moja, "Taa ya Barazani" ilipokwisha kupigwa. "Nilikuwa kwenye gari la baba, na binti niliyemchukua hajawahi kunirudishia koti langu."

"Sauti kama ile haizaliwi tena, kaka yangu," akajibu mtangazaji.

"Imezaliwa, mjinga wewe, na inakatakata mboga," bibi alisema, nasi tukacheka, yeye hakucheka. Mama alipochukua simu ili awapigie, alimnyang'anya, akasema, "Lorraine anaishi kwa jina hilo. Mimi nina jiko."

Mnaojua desturi ya waimbaji wetu mnajua kwamba mmoja wao anapozikwa, waliobaki huuimba wimbo wao na kuiacha wazi sehemu yake, na kabla hawajaanza, mkubwa wao hutaja sauti na jina la mwenye pengo. Mwaka 2009, katika msiba wa Lorraine, Mama Verlene alisimama hapa akasema, "Sauti ya kwanza, Lorraine Tibbs," na bibi yangu akaimba sauti ya pili, na ilipofika zamu ya sauti yake mwenyewe akafunga mdomo, kanisa zima likaulilia ukimya ule. Alirudi nyumbani akavua kofia yake, akamwambia mama, "Leo wamenizika, Renata, na jeneza halikuwa langu."

Moyo wake ulianza kudhoofika Novemba 2022, akalazwa mara kadhaa, na mwishoni akaomba arudishwe nyumbani, kwenye gramafoni yake.

Juzi nilimwendea Mama Verlene, kwa sababu ratiba mliyoshika mkononi inasema leo pengo ni la sauti ya pili. Aliniambia, "Mwanangu, Denise yuko hai. Nimwambie mtoto wa Lorraine kwamba mama yake alikuwa picha tu?" Denise, umekaa mstari wa tatu, nisamehe ukali, ukweli siwezi kuuombea msamaha. Bibi yangu alinyamaza miaka yote ili mwenzake ale, na shukrani aliyopata ni kuitwa wa pili mpaka kwenye karatasi ya mazishi yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea vyakula na kuondoa theluji mlangoni, wapishi wenzake waliokuja na aproni zao, na mchungaji wetu.

Bibi, umesimama nyuma ya pazia vya kutosha. Kaa sasa, upumzike kwa amani.

Familia imeniomba niandike, kwa ajili ya ndugu wasioweza kufika, yaliyofuata nilipoikunja karatasi. Mama Verlene aliinuka kwa fimbo yake, na Denise akaja kusimama kando yake, maana ndiye aliyerithi nafasi ya mama yake katika wimbo.

"Sauti ya..." alianza Mama Verlene, akakwama.

"Sema, dada!" wakamhimiza wanawake wa kwaya.

Alimtazama Denise. Denise alikuwa analia, amekunja ratiba mpaka imekuwa kama kijiti.

"Sema, Shangazi," alisema. "Mama aliniambia hospitalini. Mimi nitaimba ya pili."

Mama Verlene akaiegemeza fimbo kwenye jeneza, akasimama bila kushikwa.

"Sauti ya kwanza," alisema, "Odessa Pettway."