Familia Nzima Inapanda Meli

Benchi letu hapa Nyanga ni ubao wa bodi ya lori lililokufa zamani, umelazwa juu ya mawe mbele ya nyumba yangu, na mimi ndiye ninayeuza kahawa pembeni yake. Wanaokaa hapo kila asubuhi ni watatu. Wa kwanza ni Ta Gamaliel, mzee wa Kilutheri mwenye migomba nyuma ya barabara. Tunamwita Msemo kwa sababu ana methali ya kila jambo, na hakuna hata moja inayokaa mahali pake. Wa pili ni Mwesiga, jina la kijiweni Mahakama. Aliwahi kuitwa kutoa ushahidi kwenye kesi ya mbuzi, na tangu siku hiyo hafungui mdomo bila kutaja sheria. Wa tatu ni Ismael, Nahodha, aliyekaa kisiwani Goziba msimu mmoja akianika dagaa, akarudi na mwendo wa mtu aliyeongoza meli. Hubishana mpaka sauti zinawakauka. Lakini Mwesiga huwahi kukichukua kile kikombe kilichomeguka mdomo ili asikipate mwenzake, na Ismael husogea upande wa jua bila kuambiwa ili mzee akae kivulini. Kwa hiyo nilipokuwa na jambo moyoni, niliwaambia wao hata kabla ya ndugu zangu.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Mume wangu Riyadhi aliniahidi kwamba shule zikifungwa tutapanda meli, yeye na mimi na watoto wetu, kutoka hapa Bukoba mpaka Mwanza. Tutazunguka mjini mchana, jioni tutapanda tena, tutarudi. Tulikuwa tumeona kwenye simu yake familia za nchi za mbali zikipanda meli ndefu kama mtaa, wanakula, wanatazama maji, halafu meli inawarudisha palepale ilipowachukua. Riyadhi alisema meli ya namna hiyo hatuiwezi, lakini maji ni maji.

— Mnakwenda kwa nani? aliuliza Mwesiga.

— Hatuendi kwa mtu.

— Labda nimeuliza vibaya. Mwenyeji wenu huko ni nani?

— Hatuna mwenyeji, kaka. Tunakwenda kutembea tu, halafu tunarudi.

Vikombe vyote vilisimama hewani. Niliwaelewa. Kwetu mtu hupanda meli akiwa na mgonjwa, au mzigo, au harusi, au msiba. Hata hapo hapandi mikono mitupu. Anabeba mkungu wa ndizi na kahawa ya kutafuna, ili atakayempokea ajue amepokea mtu mwenye kwao. Kupanda, kwenda, usimwone mtu, urudi ulikotoka, hilo halikuwa na jina. Ismael alilitafutia. Alisema hiyo si safari, ni kusahau kitu nyumbani, maana anayeondoka na kurudi palepale siku zote amesahau kitu.

Ta Gamaliel alitikisa kichwa kwa huzuni, akasema wahenga waliliona hili mapema waliposema mwenda bure si mkaa bure, na ndiyo maana hakuna anayeruhusiwa kupanda bure, lazima alipe nauli.

Hapo tulifika penye kidonda. Niliwaeleza kwamba nauli ya kwenda tunayo, ya kurudi bado inasuasua.

— Basi hamwendi kutembea, alisema Mwesiga. Mnahama.

Nilicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Riyadhi anatengeneza baiskeli, na baiskeli za siku hizi haziharibiki kama zamani, au watu wamejifunza kuendesha zilizoharibika. Shule zilikwisha kufungwa, na watoto walikwisha kuacha kuuliza ni lini. Mtoto akiacha kuuliza ni vibaya kuliko akiuliza.

Benchi zima likaingia kazini. Ismael alianza kwa sababu yeye ndiye mtu wa majini. Alisema meli ni ya watu wasiojua ziwa. Anayejua ziwa hupanda mtumbwi unaopeleka barafu kisiwani Bumbire. Ule mtumbwi unakwenda na barafu na kurudi na samaki, na abiria halipi kitu mradi akumbe maji yanayoingia na kuyamwaga nje. Watoto wangu, kwa kimo chao, alisema wameumbwa kwa kazi ya kukumba maji, hawana haja ya kuinama. Tutakaa juu ya barafu wakati wa kwenda, jambo ambalo matajiri hulilipia mahotelini, na juu ya sangara wakati wa kurudi. Nikamuuliza mtu hukaaje juu ya barafu mpaka Bumbire. Akasema kwa zamu.

Mwesiga alipinga kwa sheria. Alisema sheria inamtambua abiria na inamtambua mwenye mzigo, na mwenye mzigo haulizwi anakwenda kwa nani kwa sababu anaufuata mzigo wake. Kwa hiyo tutafute mikungu ya ndizi, mmoja kwa kila mtu, kisha kila mmoja wetu aandikishwe kama mlinzi wa mkungu wake. Mtoto mdogo alinde kichane tu. Nikasema mkungu nao unalipiwa. Akasema basi mkungu ndio uandikishwe kama abiria na sisi tuwe mzigo, hilo sheria haijalikataza popote.

Ta Gamaliel naye alisema haba na haba hujaza kibaba, maana yake watoto wabebwe, wasishuke mgongoni, kwani mtoto aliye mgongoni hana miguu na asiye na miguu hajapanda. Binti yangu mkubwa Hafidha yuko darasa la nne. Mzee alisema nitamzoea.

Nilikuwa nawamiminia huku nikiwasikiliza, na nilijua hakuna hata mmoja aliyekuwa ananidhihaki. Kama wangekuwa wananidhihaki wasingechoka namna ile. Ismael alikuwa amechora mtumbwi wa barafu mavumbini kwa kijiti, akitupangia nafasi, na mimi alinipa sehemu ya nyuma ambako upepo si mkali. Ndipo nikaona niwaambie lililobaki.

— Nimepanda meli mara mbili tu, nilisema. Mara ya kwanza nilimbeba Hafidha anaumwa, tunampeleka hospitali Mwanza, sijui kama nitarudi naye. Mara ya pili nilikwenda kumzika baba. Mara zote mbili nilianza kulia kabla hatujafika bandari ya Kemondo. Nataka wanangu wapande siku ambayo hakuna anayelia. Ni hilo tu.

Mwesiga alikizungusha kile kikombe kibovu mkononi. Ismael akaufuta mtumbwi wake kwa unyayo, polepole. Nilidhani nimewaharibia asubuhi.

Kumbe Ta Gamaliel alikuwa anawaza, na mzee huyu akiwaza ni hatari.

— Mama Hafidha, alisema, hizo mara mbili, nauli alitoa nani?

— Mara ya kwanza walichanga majirani. Ya pili walichanga majirani na watu wa msikitini.

— Na kurudi?

— Na kurudi.

— Umesikia mwenyewe. Kilio ndicho kinacholipa nauli. Nani hapa aliwahi kwenda msibani akakwama kurudi?

Wenzake walimtazama kama mtu aliyefukua sanduku shambani. Mwesiga alikiri kwamba yeye mwenyewe ameiona Mwanza, Sengerema na Ukerewe, na pote alipelekwa na marehemu. Ismael alisema sasa anaelewa kwa nini watu wenye ukoo mdogo hawajui nchi. Ta Gamaliel akafunga hoja kwa kusema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na wote wakaitikia, ingawa sijui mpaka leo waliitikia nini.

Nilisema sitaki msiba, nimetoka kuwaambia sitaki kilio. Mzee akanituliza. Alisema sitalia mimi, watalia wao hapa benchini, mimi nitasafiri tu. Kilichopungua ni marehemu.

Wakaanza kumtafuta. Ismael alikuwa na mjomba Mwanza, mzee sana, lakini yu hai na anapiga simu kila sikukuu. Mwesiga alisema sheria inaruhusu kumlilia mtu mapema kama umri wake unaridhisha, ila ni vizuri yeye mwenyewe asiwepo. Ismael akakataa, mjomba ana hasira. Mwesiga akaleta marehemu wa zamani, babu wa mkewe aliyezikwa Mwanza kabla ya barabara ya lami, ambaye hakuna aliyekwenda kumpa pole mjane. Ilibainika kwamba mjane naye alikwisha kufa, na watoto wake, na nyumba imekuwa duka la vipuri. Ta Gamaliel alisema vizuri, huo ni msiba mkubwa zaidi. Kisha wakaafikiana kwamba tutangaze msiba kwanza, jina litapatikana, kwa kuwa majirani zetu ni waungwana na muungwana haanzi kwa kuuliza jina.

Juu ya hilo la majirani walisema kweli tupu.

Maana wakati wanazika watu kwenye benchi, Ma Kokubanza alitokea njiani. Ni mjane wa Kilutheri anayeishi nyumba ya nne kutoka kwangu, mtu asiye na maneno mengi. Alikuwa amefunga kitenge kiunoni, kichwani amebeba mkungu mkubwa wa ndizi, na anatembea vile watu wanavyotembea wanapokaribia nyumba ambayo hawataki kuikaribia. Alifika mpaka mbele ya benchi, akasimama.

— Poleni, waitu, alisema kwa heshima ya Kihaya. Poleni sana.

Tukasema tumepoa, kwa kuwa ndivyo midomo ilivyozoea.

Ismael alinyanyuka, akaupokea ule mkungu, akauweka chini taratibu kama anayelaza mtoto. Ma Kokubanza akanishika mkono. Alisema asubuhi alipita akaona viatu vya watoto vimeoshwa vyote na kupangwa uani, na nguo za Idi zimeanikwa siku isiyo ya Idi. Akamkuta Riyadhi anafunga begi kwa kamba, kulijaribu kama litatosha, akamuuliza mnakwenda wapi, naye akajibu Mwanza. Akamuuliza nani na nani, akajibu sisi wote. Familia nzima, mpaka mdogo, wanapanda meli. Hakutaka kumchimba mwanamume aliye katika hali ile. Alikwenda moja kwa moja shambani na panga.

— Sasa niambieni, alisema. Nani ametutoka?

Nilimtazama Ta Gamaliel, naye akatazama ndani ya kikombe chake, ambacho kilikuwa kitupu. Mwesiga, aliyejua sheria za walio hai na waliokufa, alikuwa anakagua ukucha. Ismael alikuwa bado ameinama kwenye ndizi, na hakuonekana kuwa na haraka ya kuinuka. Kulikuwa na marehemu wengi sana benchini asubuhi ile, na hakuna hata mmoja aliyejitokeza.

Ma Kokubanza aliubana mkono wangu zaidi. Macho yake yalikuwa yamekwisha kulowa, ya mtu ambaye hata hajaambiwa amlilie nani.

Swali lile nimeulizwa mara nyingi maishani, nikiwa mdogo na nikiwa mkubwa, na kila mara jibu lake lilikuwa jina. Nililitafuta jina, kwa mazoea. Halikuwepo.

— Hakuna, Ma, nilisema. Tupo wote.

— Wote?

— Wote. Tunakwenda kutembea tu.

Alinitazama mimi, akautazama mlango wa nyumba yangu, ambako watoto walikuwa wanagombania kitu na kucheka. Alitazama mlango muda mrefu. Nilidhani atakasirika kwa jasho lake na mkungu wake. Aliuachia mkono wangu, akakaa kwenye benchi, mahali ambapo mwanamke huwa hakai, na Mwesiga akasogea kushoto kumwachia nafasi.

— Hata mimi sijawahi kuona hivyo, alisema. Watu wote wakiwa wazima, wanapanda. Yule mdogo naye atayaona maji?

— Atayaona.

— Basi mkungu huu ni wenu. Siwezi kurudi nao, wataniuliza. Mpike, mfunge kwenye majani, mle melini. Kisha akajifuta uso kwa ncha ya kitenge na kusema kwa sauti ya chini: Ila fikirini haraka cha kuwaambia Sada na Verdiana na wale wa nyumba za chini. Niliwapitia wote. Wako nyuma yangu, na wengine wameanza kuchanga nauli.

Tukageuka sote. Pale barabara inapokata migomba walikuwa wameanza kutokea mmoja mmoja, kuni vichwani, ndoo za maji mikononi, wakiwa kimya kabisa, kama inavyotakiwa msibani. Ta Gamaliel alifungua mdomo, nikamwomba kwa heshima asitie methali. Nikafuta mikono kwenye kanga, nikaenda kuwapokea, na njia nzima nilikuwa najaribu kuuzuia uso wangu usitabasamu, nisiwashtue kabla hawajatua mizigo.